Mji wa Siku Tano Katika Malisho ya Ng'ombe

Tamasha la Glastonbury, linalofanyika mwishoni mwa Juni katika kijiji cha Pilton, kaunti ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, hutajwa zaidi kwa majina ya wanamuziki waliopanda majukwaa yake. Hata hivyo, jambo hasa linalolitenga na onyesho la usiku mmoja katika uwanja wa mpira ni kwamba watu wapatao 210,000, wakiwamo wasanii na wafanyakazi, huhamia kwa siku tano katika shamba la ng'ombe wa maziwa, wakalala humo ndani ya mahema, wakala, wakaoga au wakakosa kuoga, kisha wakaondoka na kuwaachia ng'ombe malisho yao. Karibu kila kanuni ya tamasha hilo, kuanzia bei ya tiketi hadi namna ya vyoo, inatokana na hali hiyo, na anayekwenda kwa ajili ya waimbaji peke yao, bila kujiandaa kuwa mkazi wa mji wa muda, hujikuta amelipa fedha nyingi kwa ajili ya kuteseka.

Majira ya joto ya huko hayafanani na kiangazi cha Dodoma au Garissa. Katika siku hizo za Juni jua huchomoza Somerset kabla tu ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo mchana una zaidi ya saa kumi na sita, jambo ambalo ni neema kwa umati unaotembea mashambani, lakini ni adhabu kwa aliyelala saa kumi usiku ndani ya hema la nailoni, kwa kuwa jua likishapanda kidogo joto la humo halivumiliki tena. Wala siku hizo ndefu si ahadi ya ukavu, kwani mvua yaweza kunyesha wakati wowote, na udongo wa bonde hilo ni wa mfinyanzi, usionyonya maji upesi. Ukikanyagwa na maelfu ya miguu hugeuka tope linalovua watu viatu. Miaka ya 1997, 1998, 2005, 2007 na 2016 inakumbukwa kwa tope hilo kuliko kwa nyimbo zilizoimbwa, na ndiyo sababu gambuti, yaani viatu virefu vya mpira, vimekuwa kama sare ya wahudhuriaji.

Mwenye shamba, Michael Eavis, alilirithi mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 19, baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1970 alihudhuria tamasha la bluzi lililofanyika jirani na kwake, akavutiwa, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo akaandaa la kwake, ambalo watu wapatao 1,500 walilipa pauni 1 kila mmoja, na katika malipo hayo wakapewa maziwa ya shambani bila ya kuongeza kitu. Mwaka uliofuata, chini ya uongozi wa Andrew Kerr na Arabella Churchill, mjukuu wa Winston Churchill, tamasha lilisogezwa hadi Juni, kiingilio kikaondolewa kabisa, na jukwaa lenye umbo la piramidi likajengwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 ilisimamishwa piramidi imara zaidi, ambayo miezi ya baridi ilitumika kama banda la ng'ombe na ghala la malisho. Iliteketea kwa moto mwaka 1994, na iliyopo sasa ilianza kutumika mwaka 2000. Kuanzia mwaka huohuo wa 1981 faida ilipelekwa kwa kampeni ya kupinga silaha za nyuklia, na baadaye mashirika ya Oxfam, Greenpeace na WaterAid yakawa wanufaika wakuu.

Mwaka 2000 ndio uliobadilisha mambo. Tiketi zilizouzwa zilikuwa 100,000, lakini inakadiriwa kuwa watu 250,000 waliingia, wengi wao wakiruka uzio au kupita chini yake, na siku chache baadaye, tarehe 30 Juni, watazamaji 9 walikufa kwa kubanwa na umati katika tamasha la Roskilde nchini Denmark. Ilidhihirika kwamba kuruka uzio, ambako kwa miaka mingi kulichukuliwa kuwa ujanja wa vijana usiomdhuru mtu, kungeweza kuua. Tamasha la mwaka 2001 halikufanyika, na lilipofunguliwa tena mwaka 2002 lilikuwa limezungushiwa uzio wa chuma wenye urefu wa zaidi ya meta tatu. Wapo wanaolalamika hadi leo kwamba uzio huo uliua roho ya tamasha. Malalamiko hayo yanaeleweka, ila hayana uzito yakipimwa na hatari ya kuwa na watu laki moja na nusu ambao hakuna aliyewaandalia maji, njia wala choo.

Uzio huo, pamoja na wingi wa wanaotaka kuingia, ndio uliozaa utaratibu wa tiketi unaotumika sasa, na hapa ndipo marafiki wanapoanza kuhitajiana, miezi saba au minane kabla ya tamasha lenyewe. Kila anayetaka kwenda hujisajili kwanza kwenye mtandao kwa kutoa picha yake, akapewa namba, na picha hiyo huchapishwa juu ya tiketi ili isiweze kutumiwa na mwingine. Tiketi zenyewe kwa kawaida huuzwa Novemba, na mtu mmoja huruhusiwa kununua hadi tiketi sita kwa mara moja, mradi awe na namba za usajili za wenzake. Kwa hiyo kundi la marafiki sita huandika namba zote sita katika karatasi moja, kila mmoja akakaa mbele ya kompyuta yake asubuhi ya siku ya mauzo, na yeyote atakayefunguliwa mlango huwanunulia wote. Kwa tamasha la 2025 tiketi ya kawaida ilikuwa pauni 373.50 na ada ya pauni 5 juu yake, kila mmoja akitanguliza pauni 75, na nafasi katika foleni ya mtandaoni ilipangwa kwa bahati nasibu. Tiketi zilikwisha kwa muda wa takriban dakika 35. Asiyetaka kutumia fedha hizo anaweza kuweka dhamana na kujitolea kuwa mlinzi wa milango na njia kupitia Oxfam, ambako hufanya zamu tatu za takriban saa nane, na dhamana hiyo hurudishwa akimaliza kazi yake. Ni njia ya heshima, ingawa mwenye kuifuata akubali kwamba zamu ya usiku huenda ikaangukia wakati uleule anapoimba msanii aliyemfuata.

Milango hufunguliwa asubuhi ya Jumatano, ilhali majukwaa makubwa huanza Ijumaa, na siku hizo mbili za katikati ndizo zinazoamua kundi litaishije. Kutoka kwenye maegesho ya magari hadi mahali pa kupiga hema mtu anaweza kutembea saa nzima akiwa amebeba hema, mfuko wa kulalia, maji na vyakula, kwa hiyo walio na uzoefu hugawana mizigo, hawaji kila mmoja na jiko lake dogo la gesi na sufuria yake. Chupa za vioo haziruhusiwi, kwa kuwa kipande kimoja cha kioo kikibaki majani yakakua juu yake kitakuja kumkata ng'ombe. Uwanja wa karibu na jukwaa kuu hupendwa na wageni, nao hujuta usiku wa kwanza. Uwanja ulio mbali kidogo, wenye mteremko mdogo wa kupitisha maji ya mvua, usio kando ya njia wala chini ya vyoo, ni bora zaidi. Mahema ya kundi hupangwa kwa mduara, milango ikitazamana, ili nafasi ya katikati iwe sebule ambamo huwekwa viti vya kukunja, huchemshwa chai na huzungumzwa mambo ya usiku uliopita. Juu ya mlingoti mrefu hupandishwa bendera au kitambaa cha rangi isiyo ya kawaida, kwa kuwa katika uwanda wenye mahema elfu kumi yanayofanana, mtu anayerudi usiku wa manane hana kingine cha kumwongoza.

Simu husaidia kwa kiasi tu, maana mtandao huelemewa na pawabenki huisha nguvu. Makundi yanayodumu kwa amani hukubaliana mapema juu ya alama moja ya kukutania na saa za kukutana, mathalani kila jioni saa moja kando ya mnara fulani, na hukubaliana pia, jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba si lazima wote waende pamoja kila mahali. Eneo la tamasha lina zaidi ya ekari 900 na majukwaa yanayohesabika kwa makumi, na maonyesho mengi hufanyika kwa wakati mmoja, kwa hiyo kundi linalosubiri watu sita wakubaliane wimbo wa kusikiliza litaishia kusikiliza nusu ya kila wimbo. Urafiki mwingi huvunjika huko kwa sababu ya uchovu na njaa, si kwa sababu ya muziki.

Kuhusu vyoo, ambavyo ni maelfu, inafaa kueleza bila haya, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mgeni. Aina ya zamani ni safu ya vyumba vidogo visivyo na paa, vilivyoinuliwa juu ya shimo refu, ambamo mtumiaji huona anga juu na, akitazama chini, huona asichokitaka. Aina nyingine ni vyoo vya mboji, ambavyo havitumii maji: kila mtu akimaliza huchukua kiganja cha vumbi la mbao kutoka kwenye ndoo na kumwaga ndani, vumbi hilo hufyonza unyevu na kuzuia harufu, na mchanganyiko wake huozeshwa baadaye ukawa mbolea. Kujisaidia vichakani kumekatazwa vikali, na si kwa sababu ya adabu pekee, bali mkojo wa maelfu ya watu huingia katika mto Whitelake unaopita shambani na kudhuru viumbe wa majini. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bangor, uliotumia sampuli za mwaka 2019, ulikuta mtoni humo hata mabaki ya dawa za kulevya, katika sehemu ambayo maji yamekwisha kupita eneo la tamasha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, eneo hilo la Somerset lina undugu fulani na muziki wa kwao. Mji wa Shepton Mallet, ulio jirani na Pilton, ndio uliokuwa mwenyeji wa tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982, lililoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na wenzake kwa lengo la kuwaleta mbele ya Waingereza wanamuziki wa mataifa mengine, na ni kwa mlango huo wa WOMAD kwamba Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, na vilevile Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze wa Wagogo, walifika katika majukwaa ya majira ya joto ya Ulaya. Remmy alitoa albamu kwa lebo ya Real World, iliyotokana na mkondo huohuo, mwaka 1989. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, nayo ni ya siku kadhaa, lakini kwa kuwa hufanyika Februari ndani ya Mji Mkongwe, ambako mgeni hurudi usiku kulala katika nyumba ya kulala wageni, haina sharti la kuanzisha mji upya kila mwaka.

Umati ukishaondoka Jumatatu, kazi ya kurejesha shamba huchukua wiki kadhaa. Wafanyakazi hutembea kwa safu wakiokota takataka moja moja kwa mikono, na trekta hukokota sumaku juu ya ardhi ili kunasa vigingi vya mahema na misumari iliyofichwa na majani, kwa kuwa ng'ombe hala kwa kuchagua, humeza na kipande cha chuma kilichomo katika majani, na chuma hicho huweza kumtoboa tumbo. Wakati wote wa tamasha ng'ombe hao huwa ndani ya mabanda, wakilishwa majani yaliyovundikwa. Watu wanaoacha mahema yao kwa kudhani kwamba yatagawiwa wahitaji hujidanganya, maana mengi huishia jalalani, na kuuzwa kwa mahema ya bei ya chini mno ndiko kulikokuza tabia hiyo. Tangu mwaka 2019 chupa za maji za plastiki haziuzwi tena humo. Wahudhuriaji huja na chupa zao na kuzijaza kwenye mabomba bila malipo.

Kwa ajili ya ng'ombe na malisho yao, tamasha halifanyiki kila mwaka. Kila baada ya miaka kadhaa shamba hupumzishwa, kama mkulima anavyoacha konde bila kulilima ili udongo upate nguvu, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2006, 2012 na 2018, mbali na miaka ya 2020 na 2021 iliyovurugwa na janga la korona. Emily Eavis, binti wa mwanzilishi, ambaye sasa ndiye anayeshika usukani, alitangaza kwamba mwaka 2026 nao ni wa mapumziko. Anayetaka kwenda mara litakaporejea mwaka 2027 ajisajili kwa picha yake mwenyewe na kuwahimiza wenzake wafanye hivyo mapema, na asimpe hata senti mtu yeyote anayedai kumuuzia tiketi iliyokwisha kutolewa, kwani yenye sura ya mwingine hukataliwa mlangoni na fedha hazirudi.