MKONO WA MTU MZIMA BADO WAFUNDISHIKA

Wazee wetu husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii ni njema kwa malezi ya watoto, nasi tuliosomea ualimu tuliisikia sana chuoni. Lakini watu wazima wengi wameigeuza kuwa kisingizio. Mwambie mkulima wa miaka arobaini ajifunze kusuka, kuchonga, kuchora au kupiga zeze, naye atakujibu, "Mimi nimekwisha kauka. Hayo ni mambo ya watoto wa shule."

Makala haya yataka kuonyesha kwamba jibu hilo si la kweli. Mtu si samaki. Mkono wa mtu mzima wafundishika, na mara nyingine wafundishika vizuri kuliko wa mtoto, maana mtu mzima ana subira na anajua anachokitaka.

Watatu walioanza ukubwani

Tuanze hapa kwetu Kenya. Zamani Wakamba walichonga vitu vya kutumia nyumbani, kama vile vijiko na viti. Sanamu za kuuza hazikuwa kazi yao. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, mtu mmoja wa Wamunyu, jina lake Mutisya Munge, alifika Tanganyika kwa ajili ya vita. Huko aliwaona wachongaji wakifanya kazi, naye akatazama na kujifunza. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga sanamu, akawafundisha jamaa na majirani. Kazi ile ilienea hata ikawa riziki ya maelfu ya watu. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika kule Changamwe, Mombasa. Hayo yote yalitokana na mtu mzima aliyekubali kuwa mwanafunzi.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Alianza kuchora picha karibu na mwaka 1968, naye amepita miaka thelathini na mitano. Hakuwa na vifaa vya wachoraji. Alichukua vipande vya mbao laini za dukani akavipaka rangi ya baiskeli, akachora ndege, chui na ndovu. Alifariki mwaka 1972, yaani alichora kwa muda wa miaka minne hivi tu. Lakini alikuwa amewafundisha jamaa zake wachache, na hata leo picha za namna ile huitwa kwa jina lake.

Wa tatu atawapendeza zaidi wasomaji wa gazeti hili, kwa sababu alikuwa Bwana Shamba. Joram Mariga alizaliwa mwaka 1927 katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, akaajiriwa katika kazi ya kuwashauri wakulima upande wa Nyanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 barabara ilikuwa ikichimbwa, pakaonekana jiwe laini la kijani. Mariga alilichukua akajaribu kulichonga kama mti. Baadaye aliwafundisha wenzake na wapwa zake, na leo uchongaji wa mawe wa Zimbabwe wajulikana duniani kote. Hakuacha kuwapa wakulima mashauri yao. Jiwe alilichonga baada ya kazi.

Tazameni basi watu hawa watatu wanavyofanana. Kila mmoja alianza akiwa mtu mzima, na kila mmoja alitumia kitu kilichokuwa karibu naye. Tena hapana hata mmoja aliyeficha ujuzi wake.

Kwa nini jambo hili latuhusu sisi

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, na mashamba makubwa ya Wazungu yakagawanywa, jamaa nyingi zilihama kwao zikaenda kuanza maisha mapya. Walibeba majembe, vyombo na mbegu. Mambo mengine hayakubebeka. Fundi wa kutengeneza obokano alibaki Kisii; mpiga nyatiti alibaki Nyanza; bibi aliyejua ni gome la mti gani litoalo rangi nyekundu ya kiondo alibaki kijijini. Katika skimu kazi ilikuwa ni kung'oa visiki, kukamua maziwa na kulipa deni la shamba. Watoto waliozaliwa huko walijua mahindi na ng'ombe, wasijue zeze la babu yao.

Leo wengi wetu ni watoto na wajukuu wa wale waliohama, na wale wenye ujuzi wanazidi kupungua. Jambo hili si la skimu peke yake. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Ngoma hizo ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo huchezwa pamoja na pembe na njuga katika arusi, matanga na sherehe. Zimeandikwa humo kwa sababu wapigaji wengi ni wazee, na vijana wa kushika nafasi zao ni wachache. Ikiwa isukuti, inayosikika redioni na katika sherehe za taifa, imefikia hatari hiyo, je, zeze la mzee jirani yako ambalo hata redio haijalisikia?

Liko pia jambo la mtu mwenyewe. Katika skimu za mahindi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, Januari na Februari huwa na nafasi kidogo kabla ya mvua. Wengi huimaliza nafasi hiyo sokoni au kilabuni. Mtu aliye na kazi ya mikono inayomngoja nyumbani ana sababu ya kurudi mapema. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa iliyokusanya matokeo ya uchunguzi zaidi ya 3,000, ikaeleza kwamba sanaa, kama kuimba, kucheza na kuchora, husaidia afya ya mwili na ya moyo katika umri wote. Wazee wetu walioimba wakipalilia hawakuhitaji taarifa hiyo, lakini ni vizuri kujua ya kuwa hawakukosea.

Kizuizi kikubwa ni haya

Kinachomzuia mtu mzima kwa kawaida si ugumu wa mkono. Ni haya. Mtoto akichora mbuzi na mbuzi yule akafanana na mbwa, atacheka na kuchora mwingine. Baba mwenye nyumba akifanya hivyo ataitupa karatasi motoni kabla mkewe hajaiona. Amezoea kuwa mtu wa kuulizwa. Sasa si rahisi kwake kuwa mtu wa kuuliza.

Basi afanyeje? Kwanza akumbuke jinsi alivyojifunza kukamua. Siku ya kwanza ng'ombe alipiga ndoo teke, na maziwa yalikuwa nusu kikombe. Hakusema, "Mimi sina kipaji cha kukamua." Alirudi kesho yake asubuhi. Na kazi ya sanaa ni vivyo hivyo.

Pili, watu wa nyumbani wasicheke ila kwa upendo. Na hapa napenda kusema neno kwa mabwana. Mama akikaa jioni na kiondo chake mkononi, asiambiwe kuwa ni mvivu. Wanawake wengi husuka hata wakiwa njiani kwenda sokoni, kwa sababu nyumbani hawapewi nafasi. Bwana akimchotea maji siku mbili kwa juma, hatapungukiwa na heshima.

Jinsi ya kuanza

1. Chagua kitu kimoja. Usianze kuchonga, kuchora na kupiga gita kwa juma moja.

2. Weka saa yake. Nusu saa kila jioni yafaa kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi. Mkono husahau upesi, lakini ukikumbushwa kila siku huanza kwenda wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Tafuta mwalimu. Uliza katika baraza, kanisani au msikitini ni nani ajuaye. Umpelekee mzee huyo maziwa au kuku, ukae chini utazame mikono yake. Usimharakishe.

4. Kwanza iga, kisha tunga. Hakuna aibu kuiga kazi ya mwalimu mwanzoni. Lakini mkono ukizoea, jaribu kitu chako mwenyewe. Chukua sauti ya wimbo unaoujua, utie maneno yako juu ya mvua, juu ya bei ya maziwa au juu ya jirani mwema. Hapo ndipo kazi inapokuwa yako.

Vifaa vilivyo shambani

Mkonge. Kata majani ya chini, uyaache ya juu ili mmea usife. Paru jani juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji ya mkonge huwasha ngozi, basi nawa mikono vizuri. Osha nyuzi, anika juani, kisha sokota mbili mbili juu ya paja kwa kiganja. Ongeza uzi mpya kabla wa kwanza haujaisha, ili kamba isiwe na fundo. Anza na kikapu kidogo cha kutosha mayai. Kiondo kikubwa kitakuja baadaye.

Mti. Wachongaji wa zamani walitumia sana mpingo na muhugu, na kwa sababu hiyo miti hiyo imekuwa adimu. Siku hizi wengi hutumia miti ya kupandwa, kama mwarobaini, mwembe na jakaranda. Jakaranda ni laini, nayo yamfaa mwanafunzi. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, lakini ukikauka haraka hupasuka. Basi uweke kivulini, uufunike kwa gunia, na ncha zake uzipake nta. Kwa kazi ya kwanza chonga mwiko. Tumia tezo na kisu kikali, ukate kuelekea mbele, mbali na mwili wako. Maliza kwa msasa. Na kwa kila mti uukatao, panda miwili.

Ngozi. Anayechinja mbuzi ana nusu ya ngoma tayari. Loweka ngozi usiku mmoja, nyoa manyoya, iwambe ingali mbichi juu ya mdomo wa mzinga wa mti, uifunge kwa nguvu na kuiacha ikauke. Ngozi itajikaza yenyewe. Asiye na mzinga na ajifunze mapigo kwa debe. Majirani watalalamika, lakini mkono utajifunza.

Je, italeta fedha?

Nitajibu wazi. Pengine italeta, pengine haitaleta. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vyetu vilipendwa sana ng'ambo. Kisha viwanda vya Asia vikaanza kuviiga, na wasukaji wengi wakaumia. Wachonga mawe wa Tabaka kule Kisii na wachongaji wa Wamunyu wanauza mpaka leo, lakini wao wana miaka mingi ya kazi, nao bei hupanda na kushuka kama ya mahindi. Basi mtu asiache kupalilia kwa kutumaini watalii. Akipata cha kuuza, na auze, na ni vyema auze pamoja na wenzake katika kikundi, maana mtu mmoja mmoja hupangiwa bei na mchuuzi.

Wengine watasema, "Kazi mbi si mchezo mwema." Ni kweli, lakini kiti ulichokichonga mwenyewe si mchezo. Hata kisipouzwa, mgeni atakikalia, na mtoto wako atajua kwamba baba yake aweza kufanya kitu ambacho hakikununuliwa dukani.

Ujuzi usifie mkononi

Mutisya Munge, Tingatinga na Mariga wasingalikumbukwa kama wangalichonga na kuchora kwa siri. Walifundisha. Kwa hiyo unapojifunza, hata kama unajua kidogo tu, mwite mtoto akae karibu nawe. Hapo ndipo ile methali ya samaki itakapopata mahali pake: mzazi anajifunza, na mtoto anakunjwa angali mbichi, wote katika jioni moja.

Vikundi vya akina mama, vyama vya ushirika na kwaya vina watu na mahali pa kukutania. Kila kimoja chaweza kutenga siku moja kwa mwezi, aje mzee mmoja mwenye ujuzi aonyeshe. Wala hapana haja ya kungoja fedha za serikali. Kinachotakiwa ni kiti cha mzee, chai, na watu walio tayari kuuliza.

Mvua za masika zitakapoanza, jembe litachukua nafasi yake, na ndivyo ipasavyo. Lakini jioni bado ni zetu. Nenda kamtafute yule mzee juma hili, maana mkonge utamea tena, bali yeye hataishi milele.