Thabeet: Alifeli, au tulimtwisha mzigo mzito?

UKITAKA kuvuruga kijiwe cha kahawa cha watu wa mpira, usianze na Simba na Yanga. Ubishi huo umezoeleka. Wewe taja jina la Hasheem Thabeet, halafu kaa pembeni unywe kahawa yako.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja Magomeni, tukisubiri mechi ya jioni ianze kwenye runinga. Akapita dogo mmoja wa mtaani, kipa wa miaka 16, mrefu kuliko watu wazima wote tuliokuwa pale, glovu mkononi, anatoka mazoezini. Jamaa mmoja akamrushia neno: “Dogo, urefu peke yake hautoshi. Utaishia kama Thabeet!”

Kijiwe kizima kikacheka. Dogo hakucheka. Mzee mmoja akaweka kikombe chini na kuuliza: “Kwani Thabeet aliishia wapi?”

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mpaka refa anapuliza filimbi ya kuanza mechi, watu walikuwa bado hawajamalizana.

Kwa mliokuwa wadogo kama mimi, tukumbushane. Ilikuwa usiku wa Juni 25, 2009 jijini New York, huku kwetu ni alfajiri ya Ijumaa. Dunia ilikuwa inamlilia Michael Jackson, aliyefariki saa chache kabla. Nilikuwa darasa la tatu, na nakumbuka redio ya nyumbani ilipiga nyimbo zake kutwa nzima. Katikati ya msiba huo ikapenya habari nyingine: kijana wa Dar es Salaam, miaka 22, urefu wa mita 2.21, amechaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Kwa sisi wa soka, drafti ni hivi: klabu hazigombei chipukizi kwa pesa ya usajili. Zinapangwa foleni, zilizofanya vibaya msimu uliopita zikipewa nafasi kubwa zaidi ya kukaa mbele, kisha kila moja inachagua kwa zamu. Namba mbili maana yake umeonekana bora kuliko wenzako wote, isipokuwa mmoja. Siku hiyo huyo mmoja alikuwa Blake Griffin, aliyekwenda Clippers.

Na hapo ndipo wanaomponda wanapoanzia. “Angalia waliokuja nyuma yake!” alisema shabiki mmoja wa Yanga, vidole vikihesabu. Namba tatu alikuwa James Harden, ambaye mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Namba saba alikuwa Stephen Curry, mwenye ubingwa mara nne na tuzo mbili za mchezaji bora. Thabeet? Misimu mitano, klabu nne, mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Mara ya mwisho kucheza NBA ilikuwa msimu wa 2013-14. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha ligi ya chini. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko kabla yake.

Hizo ni namba, na namba hazibishaniwi. Ubishi ni juu ya sababu.

“Uvivu, basi!” alidakia mwingine. “Alishapata pesa, akaridhika.”

Hapa naomba nisimame na mzee wa kahawa. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Umri huo Ulaya mtoto wa soka ana miaka mingi akademi na ameshakatwa na kurudishwa mara kadhaa. Yeye ndiyo kwanza anajifunza kudunda mpira. Mwaka 2006 alikuwa ameshaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, moja ya timu kubwa za vyuo Marekani, chini ya kocha Jim Calhoun.

Msimu wake wa kwanza pale alifunga wastani wa pointi sita hivi. Wa tatu, pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kila mchezo. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani, na yeye akagawana tuzo ya mchezaji bora wa kanda ya Big East. Mvivu hapandi namna hiyo ndani ya miaka mitatu.

Kuna jambo jingine. Baada ya NBA kumfungia mlango, alirudi kucheza ligi ya chini Marekani, akaenda Japan, akaenda Taiwan, umri ukiwa umeshavuka miaka 30. Mtu aliyeridhika na pesa zake hafanyi hivyo.

Lakini tusimbebe pia. Dalili zilikuwepo mapema. Yule aliyegawana naye tuzo, DeJuan Blair wa Pittsburgh, alikuwa mfupi kwake kwa karibu sentimita 20. Walipokutana Februari 2009, Blair alimsukuma, akambeba na kumwangusha, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh wakashinda. Siku ile ilionekana wazi kwamba urefu bila nguvu una mwisho wake. Na ukweli ni kwamba miaka yote NBA Thabeet hakuongeza silaha za kushambulia. Akipata mpira chini ya kikapu, mabeki hawakuwa na hofu naye kama walivyopaswa.

Kisha kuna mambo mawili ambayo kijiweni hayatajwi.

La kwanza ni sheria. Kwenye vyuo, mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu chake muda wote na kufagia kila kinachokuja. NBA hairuhusu. Ukikaa eneo lile zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu, ni kosa. Fikiria beki wa kati anayetawala boksi lake, halafu siku moja anaambiwa kila baada ya sekunde tatu atoke nje. Silaha kubwa ya Thabeet ilipunguzwa makali siku aliyosaini.

La pili ni timu. Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ileile, mtu ambaye mwaka 2013 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima, na pembeni yake Zach Randolph. Msimu wake wa kwanza Thabeet alipata dakika 13 hivi kati ya 48. Mchezaji aliyechelewa kuanza anahitaji kucheza na kukosea ndipo ajifunze. Yeye alikuwa anakosea kidogo na kurudi benchi.

Shabiki wa Simba akamleta Mbwana Samatta: “Mbona Samagoal alipambana akafika Ligi Kuu England?” Hoja nzuri. Ila tazama njia yake. African Lyon, Simba, TP Mazembe alikotwaa ubingwa wa Afrika, Genk alikotwaa ubingwa wa Ubelgiji, ndipo Aston Villa mwaka 2020. Ngazi moja baada ya nyingine. Thabeet alirushwa kutoka ngazi ya pili mpaka darini, na kibao cha namba mbili kifuani. Kibao hicho hakujiandikia. Kiliandikwa na watu wazima wanaolipwa kutambua vipaji. Na watu hao hao, klabu tano zao zilimpita Curry siku ileile, Minnesota wakimpita mara mbili mfululizo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Angechaguliwa namba 40, leo tungemsimulia kama shujaa: kijana wa Dar aliyegusa mpira na miaka 15 akacheza NBA misimu mitano. Maisha ni yaleyale, mechi ni zilezile. Kilichobadili hadithi ni namba tu. Alishindwa kuwa namba mbili, sawa, hilo halina mjadala. Lakini kulifanya jina lake tusi la kuwatishia watoto warefu ni kukosa shukrani.

Na swali tunalopaswa kulijibu wenyewe liko hapa nyumbani. Ilikuwaje kijana wa mita mbili na ushee, katikati ya Dar es Salaam, asifundishwe kikapu mpaka miaka 15? Na kwenye soka, wako wangapi tunaowagundua wakiwa tayari wamechelewa, halafu tunawaita wavivu?

Wakati wa mapumziko yule dogo kipa alirudi, ameshaoga, akakaa kwenye benchi karibu na mzee. Akauliza taratibu: “Kwa hiyo alianza na miaka 15?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Mimi nimeanza na tisa.”

Mzee akamsogezea kashata. Safari hii hakuna aliyecheka.