BABULA YA MAKALA WAKATI WA BARIDI

Mwezi wa sita na mwezi wa saba baridi inafika Katanga. Nchi yetu iko juu: Lubumbashi iko karibu meta 1200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita meta 1400. Mchana jua linawaka, lakini usiku joto linashuka mara nyingi chini ya digrii 10, na katika mabonde majani ya viazi yanaungua kwa baridi. Kwa hiyo kila nyumba inatafuta moto. Zamani watu walilala karibu na moto wa kuni katika nyumba ya majani. Leo wengi wana babula ya makala, maana inabebeka: mama anapikia bukari nje, kisha anaibeba ndani.

Kazi ya monitere ni habari ya mashamba. Lakini kila nikifika katika kijiji wakati huu, watu wananiuliza habari ya babula. Mmoja anasema haiwaki. Mwingine anasema inatoa moshi. Mwingine anasema gunia la makala halimalizi juma mbili. Na wengine wanasema neno moja ambalo wao wenyewe wanalihesabu kuwa dogo: «Asubuhi tunaamka vichwa vinauma.» Neno hilo ndilo kubwa kupita yote, nami nitalieleza kwa urefu. Lakini kwanza tutengeneze babula yenyewe.

Babula isiyowaka

Moto unakula hewa kama mtu anavyokula chakula. Angalieni babula yenu: chini iko na mlango mdogo au matundu, katikati iko na wavu wa nyaya, juu ya wavu kuna makala. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda juu. Ikipanda, inavuta hewa nyingine ya baridi kupitia matundu ya chini. Basi, babula yenye njia safi inajipulizia yenyewe, bila mtu kupepea.

Kama haiwaki, musilaumu makala upesi. Tazameni kwanza chini. Mara nyingi majivu ya jana na juzi yamejaa mpaka kwenye wavu, na hewa haina njia. Yamwageni. Pengine wavu umeungua na kuinama, makala yameanguka chini yakaziba mlango. Fungeni nyaya nyingine. Pengine vumbi la makala na vipande vidogo sana vimetiwa pamoja na makala makubwa, vikaziba nafasi katikati. Weka makubwa chini, madogo juu, na vumbi lisiingie kabisa.

Kisha tazameni makala yenyewe. Makala yaliyolala nje yananyonya ukungu na mvua. Hayaonekani kuwa na maji, lakini ukiyashika ni mazito, na moto unapoteza nguvu yake kwa kukausha maji hayo. Yaanikeni juani siku moja, na gunia liwekwe juu ya miti, lisiguse udongo.

Kuwasha: vijiti vikavu au maganda makavu ya mahindi chini, makala kidogo juu yake, babula nje, mlango wake ukitazama upepo. Yakishika, ongezeni mengine. Kumwaga petroli au esansi juu ya makala yenye moto, hata kama mnaona moto umekufa, ni mwiko. Chini ya majivu kuna kaa jekundu lisiloonekana, na mvuke wa esansi unaruka moto mpaka kwenye chupa iliyo mkononi. Watoto wengi wana makovu usoni kwa sababu hiyo.

Babula yenye moshi

Makala mazuri hayatoi moshi. Mti ulipochomwa chini ya udongo, maji na moshi vilitoka, ikabaki kaboni. Lakini mchomaji akifungua tanuru mapema, vipande vingine havijaiva. Utavijua: rangi yake ni ya kahawia, ni vizito, na ukivigonga vinatoa sauti ya mti. Kaa lililoiva linalia kama chuma, na mahali linapovunjika panang'aa. Kipande kinachotoa moshi kiondoeni kwa koleo, kikamalizie nje. Makala yanayoruka cheche mara nyingi yana maganda au maji. Yasiwekwe karibu na mkeka na watoto.

Babula inayokula makala

Hapa nataka kusema kama mtu wa kilimo. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni kavu zinatoa mara nyingi kilo 10 mpaka 20 za makala tu. Kwa hiyo kila gunia ni miti mingi ya mutondo na musamba iliyoanguka, na ninyi mnaokaa karibu na mine mnaona wenyewe namna mwitu unavyozidi kwenda mbali. Mama aliyepata makala umbali wa saa moja, leo anatembea nusu siku au anatoa feza.

Babula ya bati tupu inatupa joto pande zote. Ukiweka mkono karibu na ubavu wake unaungua. Joto hilo halikupika kitu. Dawa yake ni udongo. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Kenya wanatia chungu cha udongo ndani ya babula ya bati, na jiko hilo limeenea katika nchi nyingi kwa sababu linapunguza makala. Hata sisi tunaweza kufanya hivyo, na udongo tunao: kichuguu. Udongo ule unaofanya matofali mazuri unafaa na hapa. Uutwange, uuchekeche, uchanganye na mchanga kidogo na majani makavu yaliyokatwa mafupi, uukande kwa maji mpaka usishike mkono. Paka ndani ya babula unene wa vidole viwili, ukiacha mlango na matundu wazi. Kausha kivulini juma moja au mbili, si juani, maana juani utapasuka. Siku ya kwanza washa moto mdogo tu. Mipasuko midogo ikionekana, izibe kwa udongo uleule. Na mtu asizime babula hii kwa kumwagia maji: udongo unapasuka na bati linaota kutu.

Kupunguza hewa ni njia nyingine. Chungu kikichemka, funga mlango wa chini nusu, makala yatakula polepole. Lakini sikieni vizuri: hilo ni la nje tu. Sababu gani? Ndiyo habari inayofuata.

Kichwa kinachouma asubuhi

Kaa likiungua na hewa nyingi, linatoa gazi moja. Likiungua na hewa kidogo, linatoa gazi nyingine, ambayo wenye elimu wanaiita monoksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiwashi macho, haikohozi mtu. Wakati mwingine mnaona juu ya makala mwali mdogo wa buluu unaocheza: ndiyo gazi hii inayoungua. Isipoungua, inaingia katika nyumba.

Watu wanadanganyika hapa. Wanaacha babula nje mpaka moshi uishe, wanaona makala mekundu, safi, wanasema: «Sasa haina mabaya,» wanaiingiza ndani, wanafunga mlango. Lakini moshi na gazi si kitu kimoja. Moshi ni adui anayepiga kelele. Gazi inakuja kimya, na makala mekundu bila moshi inaitoa sana. Hata yaliyofunikwa kwa majivu yanaitoa usiku kucha.

Namna inavyoua ni hii. Damu yetu inachukua hewa njema kutoka mapafuni na kuipeleka katika mwili wote. Gazi hii inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa njema zaidi ya mara 200. Basi mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu yake haichukui tena kitu chenye kumfaa. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito. Aliyelala hapiti katika hatua hizo akijua. Analala, hasikii kitu, haamki. Mama mwenye mimba yuko katika hatari mbili, maana mtoto aliye tumboni anashikwa zaidi kuliko yeye.

Waliofanya kazi katika mashimo wanajua kwamba hewa mbaya inaweza kuua bila kuonekana. Mwaka 1896 John Scott Haldane wa Uingereza aliandika habari ya watu waliokufa katika mine za makaa ya mawe, akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mshindo wa moto ila na gazi hii. Alishauri watu washuke na wanyama wadogo, maana mnyama mdogo anapumua upesi na anaanguka mbele ya mtu. Katika mine za Uingereza walichukua ndege wadogo wa manjano mpaka mwaka 1986. (Mtu mmoja aliniuliza kama kulaza kuku ndani ya nyumba kunatosha. Hakutoshi. Kuku akifa usiku, nani atamwona, wote wakiwa wamelala?) Na wachimbaji wanaoshusha mota ya kuvuta maji ndani ya shimo wajue kwamba mota inatoa gazi ileile. Mota ikae juu, mbali na mdomo wa shimo.

Mnauliza: mbona babu zetu walilala na moto hawakufa? Wengine walikufa, watu wakataja uchawi. Lakini tena nyumba ya majani inapitisha hewa kila mahali. Nyumba ya leo ina matofali, sementi, manjanja, na mlango mmoja wa chuma. Watu wanaogopa wezi na baridi, wanaziba hata tundu la chini kwa kitambaa. Nyumba ya namna hiyo na babula ndani ni kama chupa yenye kifuniko.

Katika kijiji kimoja nilikuta watu watano wa nyumba moja wanatapika asubuhi. Jirani walikuwa wanatafuta aliyetia sumu katika sombe ya jana. Lakini hakuna aliyekuwa na mwili wa moto kama mwenye malaria, na mtoto aliyelala kwa bibi yake, ambaye alikula sombe ileile, alikuwa mzima. Babula ilikuwa bado katikati ya chumba, na majivu yake ya vuguvugu. Angalieni alama hizo: wote wanaugua pamoja, hawana homa, na wakikaa nje kichwa kinapungua. Siku ile walikuwa wametaka kumpiga mwanamke asiye na kosa.

Fanyeni hivi. Jioni, kama mnataka kupasha chumba, babula iingie wakati watu wako macho, mlango na dirisha vikiwa wazi. Kabla mtu wa kwanza hajalala, itoke nje, yote, na makala yake. Isiachwe katika kibaraza kilichofungwa wala chini ya dirisha. Wengine wanaweka chombo cha maji karibu nayo wakisema maji yanakula hewa mbaya. Si kweli. Kwa usiku wenyewe, pasha matofali mawili motoni, yafunge katika nguo nzito, uyaweke miguuni. Au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri. Joto lake linabaki saa nyingi, na tofali halitoi gazi.

Mkimkuta mtu amelala namna hiyo, fungueni mlango kwa nguvu, vuteni pumzi nje, ingieni, mburuteni mpaka nje. Musibaki ndani kumwamsha. Aliyebaki analala pamoja naye. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni mkimziba pua, na mtu akimbie kutafuta gari. Musimwagie maziwa wala mafuta kinywani, yataingia mapafuni. Hata akiamka na kusema amepona, apelekwe kwa munganga. Katika hewa ya kawaida nusu ya gazi inatoka katika damu kwa saa 4 au 5. Kwa hewa ya chupa ya hospitali inatosha saa moja au moja na nusu.

Babula ya gazi, na nyumba ya vifaranga

Wengine mjini wana babula ya gazi ya chupa. Nayo katika chumba kilichofungwa inatoa gazi ya kuua. Mwali wake sherti uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kupaka sufuria masizi, mdomo wake una uchafu au hewa haitoshi. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni. Ukisikia harufu, funga chupa, fungua milango, usiwashe kibiriti. Mpira wa kuleta gazi upake povu la sabuni: penye mpasuko povu litapanda.

Wafugaji wanaopasha vifaranga: juma la kwanza wanataka joto la digrii 32 mpaka 35, kisha digrii 3 pungufu kila juma. Wakijikusanya, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi. Babula izungushiwe wavu, na juu ya ukuta pawe na nafasi wazi pande mbili. Mwenye kuingia kuongeza makala asikae humo.

Na majivu musiyatupe. Yaacheni siku mbili katika chombo cha bati, nje, mbali na ukuta wa majani, maana kaa linaweza kukaa hai ndani yake siku nzima. Yakiwa baridi kabisa, yamwageni kidogo kidogo katika bustani, kwenye kabichi na vitunguu, na kuchanganya na udongo. Udongo wetu wa Katanga una uchachu, na majivu yanaupunguza. Kwenye viazi vya kizungu musitie, vinapata upele.