Likizo ndefu: Siku ya mtoto mdogo ipangwe kwa mfuatano, si kwa saa

SHULE za awali na za msingi nchini Tanzania hufunga mwaka wa masomo mapema mwezi Desemba na kufunguliwa tena mwezi Januari. Kwa mtoto wa miaka minne, mitano au saba, muda huo wa takriban mwezi mmoja ni mrefu kuliko mtu mzima anavyodhani. Kengele ya shule haisikiki, sare imekunjwa kabatini, na mwalimu aliyekuwa akimwambia kwa sauti nini kinafuata hayupo tena. Kwa wazazi wengi wa mijini, hata hivyo, likizo ya mtoto si likizo yao.

Mzazi anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto na kufanya kazi Kariakoo huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na mara nyingi hurejea mtoto akiwa anasinzia. Kati ya nyakati hizo mbili mtoto yuko mikononi mwa bibi, dada wa kazi, au kaka yake aliyemzidi miaka michache. Iwapo hakuna utaratibu, siku hujipanga yenyewe, na hujipanga vibaya. Mtoto huamka saa 3 asubuhi, hunywa uji saa 4, hukaa mbele ya televisheni hadi adhuhuri, hukataa chakula cha mchana kwa kuwa ameshashiba biskuti, hulala saa 11 jioni, na saa 5 usiku bado macho yake ni makavu. Haipiti wiki moja kabla watu wa nyumbani hawajaanza kulalamika kwamba mtoto amekuwa mkorofi. Mara nyingi tabia ya mtoto haijabadilika. Kilichobadilika ni siku yake.

Wazazi wanaoliona tatizo hilo huwa na haraka ya kuandika ratiba. Hubandika ukutani karatasi yenye mistari na saa, mfano wa ile ya darasani, kisha siku ya tatu karatasi hiyo husahaulika. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mtoto ambaye hajafikia umri wa miaka sita au saba hajui saa. Kumwambia kwamba saa 4 kamili ni wakati wa kusoma ni kumwambia jambo asilolielewa. Wakati kwake ni matukio: kabla ya uji na baada ya uji, kabla ya kuoga na baada ya kuoga. Kinachomtuliza ni kujua kitu gani kitafuata, hata kama leo kimechelewa kwa nusu saa.

Kwa hiyo ratiba inayodumu ni ile inayofungwa kwenye mambo ambayo nyumba inayafanya tayari kila siku. Uji hupikwa kila asubuhi. Baada ya uji mtoto hupiga mswaki, husaidia kutandika kitanda, kisha hutoka nje kucheza. Chakula cha mchana hupakuliwa kila siku. Baada yake ni mapumziko. Katika miji ya pwani, adhana ya alasiri husikika karibu kila mtaa, na kwa familia nyingi, ziwe za Kiislamu au la, inatosha kuwa ishara kwamba mapumziko yamekwisha. Pale ambapo mtoto anahudhuria chuo cha Qur'ani, na chuo hicho hakifungwi Desemba, familia inayo nguzo madhubuti ambayo haikulazimika kuibuni.

Jambo la kwanza linalostahili kulindwa ni usingizi. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala kwa muda wa saa 11 hadi 14 katika siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa walio na umri wa miaka 6 hadi 12, wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12. Mtoto wa miaka minne anayelala saa 2 usiku na kuamka saa 12 na nusu asubuhi amepata saa 10 na nusu. Akiongeza saa moja ya mchana, ametosheka.

Aghalabu wazazi hupigana na saa ya kulala, ilhali saa ya kuamka ndiyo iliyo rahisi zaidi kuishika. Mtoto asiye na usingizi hawezi kulazimishwa kulala, bali anaweza kuamshwa kwa upole muda uleule kila siku, na baada ya siku chache usiku nao hujirekebisha. Mwezi Desemba jua la Dar es Salaam huchomoza karibu saa 12 asubuhi, hivyo mwanga wenyewe ni msaada. Usingizi wa mchana nao uwe wa mapema, mara baada ya chakula, na umalizike kabla ya saa 10 alasiri. Watoto wengi huacha kulala mchana wakiwa kati ya miaka mitatu na mitano. Aliyeacha asilazimishwe, ila ajilaze kimya na kitabu au mwanasesere wake ili mwili upumzike na anayemlea naye apumue.

Hapa pana mgongano ambao washauri wengi wa malezi huupita haraka. Baba au mama anayerudi saa 3 usiku anataka kumwona mwanawe macho, na mtoto naye anamsubiri. Kusema tu kwamba mtoto alazwe saa 2 ni kuwanyima wote wawili saa pekee waliyo nayo. Familia ya namna hiyo inaweza kuchagua kukutana alfajiri, mtoto akaamshwa mapema na kunywa chai pamoja na mzazi kabla hajaondoka. Inaweza pia kusogeza siku nzima mbele, alale saa 3 na nusu na kuamka saa 2 asubuhi, huku usingizi wa mchana ukilindwa zaidi. Njia zote mbili zinafaa. Lisilofaa ni kulala saa 2 leo, saa 5 kesho, na saa 3 keshokutwa.

Jambo la pili ni kucheza nje, na hapa jua ndilo linaloamua. Desemba ni msimu wa kaskazi katika pwani ya Afrika Mashariki. Joto la mchana hupita nyuzi 30 na jua huwa utosini. Mwongozo uleule wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 awe katika mwendo kwa angalau dakika 180 kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Idadi hiyo huwatisha wazazi wanaoiona kwa mara ya kwanza, lakini mtoto aliyeachiwa uwanja huifikia bila kuhesabiwa. Muda unaofaa ni kuanzia baada ya uji hadi kabla ya saa 5, na tena kuanzia saa 10 alasiri hadi Magharibi. Rede, kombolela, mdako na kuruka kamba havihitaji fedha. Kwa wanaoishi katika majengo ya ghorofa, ambako uwanja ni maegesho ya magari, hapana budi mtu mzima ashuke pamoja na watoto, na pengine familia mbili au tatu zipeane zamu.

Waswahili waishio Muscat wanalijua jambo hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa likizo ndefu ya huko huangukia katikati ya mwaka, wakati joto linapopita nyuzi 40. Mchezo wa nje huhamishiwa alfajiri au baada ya jua kuzama, na mchana wote ni wa ndani.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jua limekuwa kali, watoto wameingia ndani, nao ndio wakati jiko linapowaka. Katika nyumba nyingi mtu mmoja huyo huyo anapika, anafua na kuangalia watoto. Sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la mkaa lililo chini sakafuni haihitaji zaidi ya sekunde moja ya kusahaulika. Ndoo ya maji iliyoachwa wazi ni hatari kwa mtoto anayejifunza kutembea, kwa maana anaweza kuzama katika maji machache sana. Hali kadhalika mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, husoma chupa.

Ratiba yenye busara huangalia kwanza saa ya hatari ya mpishi, kisha huweka katika saa hiyo kazi ya kukaa. Mkeka hutandikwa mahali anapoweza kuwaona watoto, mbali na jiko. Mtoto wa miaka mitano hupewa maharage ya kuchambua, na akitenga mabovu na mazima huku akihesabu kumikumi, anafanya hesabu pasipo kuambiwa kwamba ni hesabu. Aliye mdogo zaidi hutenganisha vifuniko vya chupa kwa rangi, au hukunja vitambaa. Msimu wa maembe nao unakuwa umepamba moto, na kugawa maembe katika mafungu sawasawa kwa watu wa nyumbani ni somo ambalo watoto hulifuatilia kwa makini yasiyo ya kawaida.

Hapa pia ndipo televisheni inapostahili kuwekwa, ikiwa itawekwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kabisa kioo cha televisheni au simu kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linataka kisizidi saa moja kwa siku. Kuipiga marufuku televisheni katika nyumba yenye mlezi mmoja na watoto watatu ni rahisi kuandika kuliko kutenda. Lililo bora ni kuitumia saa hiyo moja pale inapomwokoa mtoto na jiko, badala ya kuiharibu asubuhi wakati nje kuna ubaridi. Vipindi vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa ajili ya umri huo vipo. Akili and Me, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kinawalenga watoto wa miaka 3 hadi 6. Kisha televisheni izimwe wakati chakula kinapopakuliwa, ili kuzimwa kwake nako kuwe tukio lenye mahali pake.

Kuhusu masomo, wazazi wengi huvuka mpaka. Mtoto aliyemaliza darasa la kwanza anahitaji asisahau kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa hilo dakika 20 za asubuhi zinatosha: ukurasa mmoja wa kusomwa kwa sauti, mistari michache ya kuandikwa. Kumpeleka mtoto wa miaka sita kwenye masomo ya ziada tangu asubuhi hadi alasiri kwa Desemba nzima ni kumnyima likizo bila faida inayolingana. Hadithi na vitendawili vya usiku, kwa taa iliyopunguzwa, vina kazi kubwa kuliko madaftari. Humjengea mtoto msamiati na papo hapo humwandaa kulala.

Yote hayo hayatasaidia ikiwa ratiba imetungwa na anayeondoka na kukabidhiwa kama amri kwa anayebaki. Dada wa kazi ana siku yake: anajua maji yanatoka lini, anafua siku gani, na ni saa ngapi mtoto mdogo huanza kulia. Akae na mwajiri wake wapange pamoja, na kazi mojawapo ipunguzwe ikiwa watoto wote watakuwa nyumbani. Bibi naye hapangiwi na mwanawe. Huombwa, na kwa kawaida huwa na utaratibu wake ambao ni bora kuufuata kuliko kuuvunja. Utaratibu huo unaweza kuchorwa kwa picha badala ya maandishi: bakuli, mpira, mkeka, sahani, kitanda, beseni. Mtoto huusoma mwenyewe, na mlezi asiyejua kusoma hapati aibu.

Pale anayebaki ni kaka au dada wa miaka 10, pana mpaka usiovukwa. Anaweza kuwakumbusha wadogo zake mfuatano wa siku, lakini hawezi kukabidhiwa jiko, maji ya moto wala kumwogesha mtoto mchanga. Mtu mzima wa jirani aombwe kwa jina, naye akubali, na watoto waambiwe waziwazi ni nani anayeruhusiwa kuwachukua au kuwatuma dukani. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka 8, inauhesabu ulinzi na usalama kuwa mojawapo ya nguzo zake tano, sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Anayeona mtoto akitendewa vibaya anaweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto.

Kwa familia zinazosafiri kwenda Kilimanjaro, Kagera au kwingineko kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka, mfuatano huu utavurugika, na hakuna ubaya. Binamu ni wengi, migomba ni ya kupanda, na hakuna anayejali saa. Yatosha kubaki na mambo mawili: kuoga na hadithi kabla ya kulala.

Kurudi ndiko kunakohitaji hesabu. Zikibaki siku 10 shule kufunguliwa, saa ya kuamka irudishwe nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili, na ya kulala ifuate. Aliyekuwa akiamka saa 1 na robo atakuwa anaamka saa 12 kamili siku ya kufungua shule, na sare yake ijaribiwe wiki hiyohiyo, kwani urefu wa mwanzo wa Desemba si lazima uwe urefu wa Januari.