Upepo wa Singida tumeupima, udongo je?

Mpiga ilimba, ile ala ya vyuma vilivyobanwa kwenye ubao, akitaka kushusha sauti ya chuma kimoja hahitaji kukibadilisha. Hukivuta mbele kidogo, sehemu iliyo huru ikarefuka, sauti ikashuka. Akikirudisha nyuma, sauti inapanda. Na kibano kikilegea, chuma hakiimbi tena, kinakoroma. Hayati Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeitembeza ala hiyo duniani, alikuwa na fizikia yote ya jambo hili kwenye vidole gumba.

Mnara wa mtambo wa upepo ni chuma cha ilimba kilichosimamishwa wima: juu uko huru, chini umebanwa. Tofauti ni kwamba kibano chake si ubao. Ni udongo.

Habari za umeme wa upepo katika nyanda za kati tumezisikia kwa zaidi ya muongo mmoja. Vipimo vya Kititimo, Singida, vilivyochukuliwa mita 30 kutoka ardhini, vilionyesha wastani wa karibu mita 10 kwa sekunde. Makambako ilipata karibu 9. Hiyo ni kasi ya kumfanya mwekezaji apande ndege. Hata hivyo mitambo iliyokwisha kuzalisha umeme nchini ni ile mitatu ya Mwenga, Mufindi, yenye megawati 2.4, iliyoanza kazi mwaka 2020. Jirani zetu Wakenya wana mitambo 365 huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Sisi tunaendelea kusifia upepo wetu, na ni nadra kusikia mtu akiuliza mnara utasimama juu ya nini.

Chukua mtambo mkubwa ambao mapanga yake matatu yanazunguka mara 12 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 5, na kila baada ya sekunde 1.7 hivi panga moja hupita mbele ya mnara. Kwa hiyo mnara hupata misukumo ya aina mbili: mmoja wa kila sekunde 5, kwa kuwa rota haikosi kuwa na uzito usiolingana kidogo, na mwingine wa kila sekunde 1.7. Mnara wenyewe nao, ukisukumwa na kuachwa, huyumba kwa mwendo wake wa asili, tuseme mara moja kila sekunde 3. Mhandisi huuweka makusudi katikati hapo, mbali na misukumo yote miwili. Ukiangukia mwendo mmoja na msukumo, yanatokea yale ya mtoto kwenye bembea: kila anaposukumwa kwa wakati wake, anapanda juu zaidi. Ndiyo maana kompyuta ya mtambo huharakisha kuvuka kasi fulani za mzunguko bila kutulia hapo.

Sasa, hizo sekunde 3 zilikokotolewa kwa kudhani kwamba msingi umeshikwa sawasawa. Udongo ukiwa laini kuliko ilivyodhaniwa, msingi wa zege unainama kidogo upande huu, kidogo upande ule, kiasi ambacho jicho halioni. Mnara unajiona mrefu zaidi, kama kile chuma kilichovutwa mbele. Sekunde 3 zinakuwa 3.3, na ile nafasi salama inaliwa. Chuma kinachoka mapema, boliti zinalegea, zege linapata nyufa. Mnara hauanguki siku hiyo; umri wake ndio unaopungua.

Hapa ndipo Dodoma inapohusika. Wazee husimulia kwamba jina la mji limetokana na neno la Kigogo la kuzama, baada ya tembo kuja kunywa maji kijitoni na kudidimia kwenye tope. Iwe kweli au ngano, hiyo ni ripoti ya udongo iliyotangulia zote. Ya kisayansi ilifuata baadaye. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha Amani, alipita Tanganyika mwaka 1935 na 1936 akieleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio ule ule kila unaposhuka mlima: mwamba wa itale na udongo mwepesi juu, wekundu na kichanga katikati, na chini mbugani mfinyanzi mweusi. Alilinganisha mfuatano huo na mnyororo, na wataalamu wa udongo duniani bado wanatumia wazo lake.

Mkulima wa Bahi hahitaji kuambiwa tabia ya udongo mweusi. Kiangazi unapasuka, ufa unameza fimbo. Mvua za Desemba zikishuka unavimba, na matrekta yanakwama. Msingi ulio juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na ukingo wake unaweza kubaki na uwazi chini. Udongo huo huo una ugumu wa aina mbili, wa Septemba na wa Februari.

Mlimani pia kuna mitego. Itale ikioza huacha majabali mazima yaliyozikwa ndani ya udongo laini. Msingi wenye upana wa mita 15 hadi 20 unaweza kukalia jabali upande mmoja na kifusi upande wa pili. Kiasi cha kuinama kinachoruhusiwa kwa kawaida ni milimita 3 kwa kila mita. Kwa mnara wa mita 80, kileleni ni sentimita 24.

Dawa zipo, na zote ni ghali: kuondoa mfinyanzi na kujaza kifusi kilichoshindiliwa, kushusha nguzo hadi kwenye mwamba, kuchoma nondo ndani ya itale nzima, kuelekeza maji mbali na msingi. Kipimo ndicho rahisi. Wapimaji hupanga vipokezi vya mtetemo ardhini, wanapiga nyundo kwenye bamba la chuma, wanasoma kasi ya wimbi linalopita. Kasi ikipungua nusu, ugumu wa udongo umeshuka hadi robo. Na kwa kuwa tuko kwenye Bonde la Ufa, ambako ardhi ya Dodoma ilitikisika Novemba 2002, kipimo hicho hicho kinasaidia hesabu za tetemeko.

Je, mtetemo unaoshuka ardhini unamdhuru jirani? Vyombo vinaunasa: huko Eskdalemuir, Scotland, kwenye mitambo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia, wizara ya ulinzi ya Uingereza iliwekea mipaka mashamba ya upepo yaliyo ndani ya kilomita 50. Mguu wa binadamu hauuhisi. Kuhusu sauti nzito zisizosikika, utafiti wa serikali ya Finland uliotolewa mwaka 2020 haukuona dalili kwamba zinawaugulisha watu; hata waliokuwa wakizilalamikia hawakuweza kuzitambua maabara. Kelele inayosikika ndiyo inayokatiza usingizi, na tiba yake ni umbali.

Kwa hiyo, wanakijiji wa Singida na Dodoma, mkiona gari la wapimaji limefika Septemba na nyundo yao, wakaribisheni, wapeni kivuli. Kisha waulizeni kama watarudi Februari.