Kaburi la Thika na Shamba la Mtwapa

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hii sote twaijua, na twapenda sana kuwatupia wenzetu. Lakini ni wangapi kati yetu, ewe msomaji, ambao wakiulizwa leo babu wa baba zao alikufa mwaka gani na kazikwa wapi, watajibu pasi na kubabaika?

Mimi nilikuwa miongoni mwa wasiojua. Nasaba yangu naihesabu kwa vidole hadi mtu wa saba, kama nilivyofunzwa nyumbani tangu nikishika juzuu ya Amma chuoni. Majina ninayo, tarehe sina. Ilinibidi nifunge safari hadi Thika na Ruiru, mbali na bahari, ndipo nikatambua kwamba jina lisilo na tarehe ni nusu ya ushahidi.

Kisa chenyewe kilianza kwa kasha. Shangazi yangu alipofariki, tulifungua kasha lake la mvule ili tugawe vilivyomo. Ndani ya kitabu cha maulidi tukakuta barua iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Ilitoka Thika, mwaka 1345 wa Hijra, yaani baina ya katikati ya 1926 na katikati ya 1927. Aliyeiandika ni ndugu mkubwa wa babu yangu. Anamsalimia baba yake, anauliza hali ya mvua na minazi, na anasema kuwa yeye yu mzima, anafanya kazi ya upishi kwa mzungu mwenye shamba la kahawa.

Sisi sote tulikuwa tumelelewa na habari nyingine. Tuliambiwa kuwa babu mkubwa huyo alikwenda bara kabla ya vita vya Mjerumani, akachukuliwa Kariakoo kubeba mizigo ya jeshi, akafa huko na wala kaburi lake halijulikani.

Kwa nini tarehe ina uzito

Msomaji huenda akasema: alikufa wakati wa vita au alikufa baadaye, yote ni mauti. La, hasha. Katika mirathi, jambo la kwanza kuulizwa ni nani aliyetangulia kufa.

Baba yao alifariki 1931, akaacha shamba la minazi upande wa Mtwapa. Shamba hilo lina hati. Chini ya sheria ya 1908 watu wa mwambao walitakiwa wapeleke madai yao ya ardhi yakasikilizwe na kuandikwa, na mwenye kutaka kutafuta wazee wake asisahau karatasi hizo, kwani mara nyingi hutaja mtu, baba yake na babu yake.

Ikiwa babu mkubwa alikufa vitani, basi alimtangulia baba yake, na hakurithi kitu. Hata angekuwa na watoto wasingepata, kwa sababu ami yao, yaani babu yangu, alikuwa hai na mtoto humzuia mjukuu. Ikiwa alikuwa hai 1931, basi nusu ya fungu lililowafikia watoto hao wawili wa kiume lilikuwa lake. Shamba tulilolila sisi kwa miaka tisini lilikuwa na mwenziwe asiyehesabiwa.

Barua ilithibitisha kuwa aliivuka vita. Ikabaki miaka minne, kutoka barua hadi kifo cha baba. Nikasema, nitaitafuta miaka hiyo.

Katika makaratasi

Nilianza Nairobi, kwenye jumba la Nyaraka za Taifa. Makaratasi ya huko ni hazina, lakini yafaa mtu ajue serikali ya kikoloni ilikuwa ikiandika nini. Iliandika kodi, kazi na mishahara. Mtu mweusi aliingia daftarini pale alipodaiwa au alipolipwa.

Wapagazi wa Kariakoo waliandikwa kwa namba kwa kuwa walikuwa na mshahara. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi ya tumbo na homa wala si kwa risasi, na mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia jamaa zao kamwe. Sanamu za askari na wapagazi zilizoko Nairobi na Mombasa hazikuandikwa jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwa maandishi kuwa Waafrika wengi waliokufa hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao Wazungu.

Sensa nayo haikunifaa. Waafrika wa Kenya walihesabiwa kikamilifu kwa mara ya kwanza 1948, na hesabu iliyotangazwa ni ya idadi, haimtaji mtu. Uingereza mambo ni mengine. Huko fomu za kila nyumba hufunguliwa baada ya miaka mia moja, na Januari 2022 zilifunguliwa za 1921, mjukuu akasoma jina la babu na kazi yake. Sisi hatuna mlango huo.

Vyeti vya vifo je? Sheria ilikuwapo tangu 1928, lakini kwa Waafrika kuandikisha kifo kulifanywa lazima polepole, kuanzia Nairobi 1963 hadi kuenea nchi nzima 1971. Aliyekufa Thika kabla ya hapo, tena akafia nyumbani, akaoshwa na kuzikwa siku ile ile kama dini ituamrishavyo, hakuacha karatasi yoyote nyuma yake.

Na jina lenyewe lina fitina. Katika ukoo wetu wako watano wenye jina la babu mkubwa. Tena karatasi moja humwita mtu Mswahili, nyingine humwita Mwarabu, kwa kuwa wakati ule neno moja lilikuweka kwenye kodi na sheria za wenyeji, na neno jingine likakutoa.

Thika hadi Ruiru

Nikapanda gari kwenda Thika. Reli ilifika mji huo 1913, ikipitia Ruiru, na pamoja nayo wakafika vibarua, wapishi, maaskari na wachuuzi. Kabla ya reli, njia ya kwenda Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, ilikuwa ikipitwa na wapagazi wa pwani. Waliobaki walijenga, wakaoa, wakaweka misikiti na vyuo.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikaa na wazee barazani. Nikawaeleza kuwa namtafuta mtu wa Mombasa. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Hapa kila Mwislamu wa zamani huitwa mtu wa Mombasa, hata aliyezaliwa Gatundu." Lakini nilipotaja upishi na shamba la kahawa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Binti yake yuko hai. Yuko Ruiru kwa mjukuu wake."

Nilimkuta ameketi uani, anachambua maharagwe. Nikamwamkia, "Shikamuu, shangazi." Akaitikia marahaba, akanitazama usoni muda mrefu, halafu akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kikuyu, "Una masikio ya baba."

Mama yake alikuwa Mkikuyu aliyesilimu. Katika cheti cha ndoa ya wazazi wake, kilichoandikwa 1929, mume ametajwa yeye na baba yake na babu yake, majina matatu yale yale yaliyo kwenye hati ya shamba. Mke ametajwa binti Abdallah. Hapo ndugu zangu tuelewane. Huyu Abdallah si mtu, ni mahali nasaba ilipokatiwa. Aliyesilimu alipewa baba huyo, na mateka aliyeachwa huru alipewa huyo huyo. Katika nyumba ngapi za mwambao tunamkuta binti Abdallah upande wa kikeni, tukapita upesi tusije tukaulizwa?

Shangazi huyu alizaliwa 1938. Kitambulisho chake kina mwaka tu, bila ya siku wala mwezi. Lakini mwaka huo ulinitosha, maana aliyezaa 1938 hakufa vitani, wala hakufa kabla ya 1931.

Nikamwuliza juu ya kifo. Akasema baba yake alikufa wakati wa hali ya hatari, mwaka mmoja baada ya watu kuzolewa Nairobi, zikiwa zimebaki siku chache waingie katika Ramadhani. Nikatoa kalamu. Watu walizolewa Nairobi Aprili 1954. Ramadhani ya mwaka uliofuata, 1374 wa Hijra, iliandama karibu na tarehe 24 Aprili 1955. Basi alikufa Shaabani, Aprili 1955. Bibi huyu hajui tarehe ya mzungu, lakini alinipa iliyo sahihi kuliko daftari nyingi.

Alizikwa mbio mbio kabla ya saa za amri ya kutotoka nje, watu tisa tu nyuma ya jeneza. Kaburi lilikuwa chini ya mjakaranda. Tulikwenda naye. Mti ulishakatwa, na pale panapodhaniwa pamezikwa wengine juu yake. Tukasoma Yasini kuelekea upande ule.

Ameniachia nione kikopo cha bati ambacho baba yake alitilia kipande chake na kukivaa shingoni. Ndani hamna karatasi.

Haki ni haki

Niliporudi nyumbani nilikusanya jamaa. Wako waliolia kwa furaha. Wako pia walioniuliza kwa nini nimekwenda kufukua, na ami yangu mmoja akasema wale ni watu wa bara. Mimi sikuwa na la kumjibu ila kumwonyesha ile barua. Mtu aliipokea, akaisoma, akaikunja, akaitia kashani. Kunyamaza huko ndiko kulikomwua babu mkubwa miaka mingi kabla ya ajali yake kufika.

Nilimpigia simu shangazi wa Ruiru kumweleza habari za shamba. Nilidhani atasema dunia ni mapito. Akauliza, "Minazi iliyobaki ni mingapi?" Nikamwambia. Akasema, "Haki ya baba yangu naitaka, hata ikiwa nazi moja." Maneno hayo yamenifurahisha kuliko machozi. Sasa shauri liko mbele ya kadhi, na barua, cheti cha ndoa na mashahidi wawili wamekwisha pelekwa.

Nawasihi wasomaji jambo dogo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliweka jiwe kwenye kichwa cha kaburi la Othman bin Madh'un ili alijue. Jiwe tupu, bila jengo wala pambo. Nasi tuweke jiwe. Tuchukue cheti cha kifo hata kama mazishi yamepita, na kila msikiti uwe na daftari lake la maziko, liandikwe jina la marehemu na la baba yake na babu yake, mahali alipolala, na tarehe kwa miezi ya Kiislamu na ya kizungu. Na aliye na bibi wa miaka themanini, amwendee leo na kalamu.