Uteuzi wa Zana za Kukatia Bodi za Saruji Majumbani: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo

Watumishi wa umma na wananchi wanaojenga au kukarabati nyumba zao katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, wanakumbushwa kuwa uteuzi wa zana ya kukatia bodi za saruji ni suala la afya ya familia kabla ya kuwa suala la wepesi wa kazi. Zana mbili zaweza kutoa mkato ulionyooka sawasawa, lakini moja ikaacha makombo machache chini ya benchi, na nyingine ikaujaza ua mzima vumbi ambalo madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kumwezesha mwenye nyumba na fundi wake kuchagua kwa kujua.

SABABU ZA KUTUMIWA KWA BODI HIZI

Bodi ya saruji hutengenezwa kwa saruji, mchanga uliosagwa laini na nyuzi za kuishikiza. Haioshwi na mvua wala haioti kuvu kwa urahisi kama mbao, haishiki moto, na mchwa hawaili. Kwa sababu hizo huwafaa wanaotaka dari ya kudumu, ukuta wa kugawa chumba, au kinga ya ukuta wa jiko na bafu.

Katika wilaya hizi mbili iko sababu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Kambi zilizoanzishwa, Benaco ikiwa miongoni mwake, zilihitaji kuni na nguzo kila siku, na miti ya maeneo yaliyozizunguka ilikatwa kwa wingi. Eneo lililopitia hali hiyo lina kila sababu ya kupokea vifaa vya ujenzi visivyotegemea kukata miti. Hata hivyo, faida hiyo isinunuliwe kwa mapafu ya mafundi na watoto.

KWANZA IJULIKANE NI BODI YA AINA GANI

Kabla ya kutafuta zana, yapasa kutambua bodi iliyopo mkononi. Ziko aina tatu ambazo aghalabu huchanganywa.

Aina ya kwanza ni bodi ya jipsamu, ambayo ni nyepesi, ina karatasi pande zote mbili, na hukatwa kwa kisu cha kawaida. Hiyo si bodi ya saruji na haistahimili unyevu kama bodi ya saruji.

Aina ya pili ni bodi ya saruji ya siku hizi, ambayo nyuzi zake hutokana na mbao. Ni ya kijivu, ni nzito na hutoa mlio mkavu inapogongwa. Bodi ya futi 8 kwa futi 4 yenye unene wa milimita 6 huwa na uzito wa kati ya kilo 20 na 30.

Aina ya tatu ni bodi na mabati ya zamani ya saruji yaliyotiwa asbesto. Utengenezaji wake ulibuniwa na Ludwig Hatschek wa Austria, aliyepata hataza mwaka 1901, na bidhaa hizo zikaenea duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo, hasa katika mapaa ya majengo ya umma, shule na nyumba za watumishi. Baadaye nchi nyingi zilizipiga marufuku: Uingereza mwaka 1999, Australia mwishoni mwa 2003, Kenya mwaka 2006 na Afrika Kusini mwaka 2008. Lakini marufuku hayaondoi paa lililokwisha kuezekwa.

Ieleweke kuwa aina ya pili na ya tatu hazitofautishwi kwa macho. Uhakika hupatikana maabara peke yake. Kwa hiyo bodi yoyote ya zamani isiyojulikana ilikotoka ihesabiwe kuwa na asbesto mpaka ithibitike vinginevyo, na isikatwe, isitobolewe wala isivunjwe kwa zana ya aina yoyote.

VUMBI NA MADHARA YAKE

Mchanga uliomo katika bodi mpya una silika. Bodi inapokatwa kwa kasi, silika hutoka ikiwa vumbi laini mno lisiloonekana kwa macho, nalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Mapafu hufanya makovu, pumzi hupungua, na ugonjwa uitwao silikosisi hauna tiba ya kuuondoa. Aliyeupata huwa katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vumbi la silika linalovutwa kazini husababisha saratani ya mapafu.

Jambo hili si geni kwa wakazi wa Biharamulo, wilaya yenye dhahabu, ambako mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 na kununuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 2013. Silikosisi ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu duniani. Silika inayotoka katika mwamba na ile inayotoka katika bodi ya dari ni kitu kimoja. Tofauti ni kuwa mchimbaji hulikuta vumbi hilo mgodini, ilhali anayekata bodi nyumbani hulitoa mahali ambapo watoto hucheza na chakula hupikwa.

Marekani iliweka mwaka 2016 kikomo cha mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8. Mikrogramu 50 ni sehemu moja ya 20 ya miligramu. Kiasi hicho kidogo chaonyesha kuwa kusubiri mpaka vumbi lionekane ni kuchelewa.

ZANA ZILIZOPO

Kisu cha kuchania. Hiki ni kisu kifupi chenye ncha ya kabaidi, yaani chuma kigumu sana. Huchora mfereji juu ya bodi, kisha bodi huvunjwa katika mfereji huo. Hakihitaji umeme, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine, na vumbi lake ni kidogo kuliko la zana nyingine. Kwa mikato iliyonyooka katika bodi nyembamba, hiki ndicho chaguo la kwanza.

Msumeno wa mkono. Hufaa kwa bodi nene na kwa kona za ndani ambazo haziwezi kuvunjwa. Meno yake yawe magumu, maana saruji hula meno ya msumeno wa kawaida wa mbao upesi. Kwa kuwa huenda polepole, sehemu kubwa ya unga wake ni nzito na huanguka chini.

Keekee na tupa. Keekee ya mkono hutoboa matundu ya nyaya na mabomba, na tupa husawazisha kingo. Tundu kubwa hupatikana kwa kutoboa matundu madogo kuzunguka duara, kisha kulitoa pande la katikati na kulainisha ukingo kwa tupa.

Msumeno wa umeme wa kwenda juu na chini. Huu hukata mikato ya kupinda. Vumbi lake ni zaidi ya la msumeno wa mkono lakini chini ya lile la grenda. Utumike nje ya nyumba, kwa mwendo mdogo.

Grenda yenye kisahani cha almasi. Hii ndiyo zana inayopendwa kwa kasi yake, na kadiri umeme unavyofika vijijini ndivyo inavyozidi kupatikana kwa mafundi. Kwa kazi ya nyumbani ndiyo zana mbaya kuliko zote, kwa kuwa kisahani chake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuisaga saruji iwe unga laini wa kupeperuka. Kumwagia maji hupunguza vumbi, lakini maji na grenda ya kawaida ya umeme havipatani, na fundi aweza kupigwa na umeme. Pasipo mashine iliyotengenezwa kwa maji au yenye chombo cha kunyonya vumbi, grenda isitumike nyumbani kukatia bodi za saruji.

NAMNA YA KUKATA KWA KISU

Bodi hulazwa juu ya meza au mbao zilizo sawa, uso wake laini ukitazama juu. Mstari hupigwa kwa penseli, na rula ya chuma hushikiliwa imara juu ya mstari huo. Kisu hupitishwa taratibu mara kadhaa, bila papara, mpaka mfereji ufikie kama theluthi moja ya unene wa bodi. Baada ya hapo kipande huvunjwa kwa nguvu moja katika urefu wote wa mstari. Bodi nyingine huvunjika vizuri kwa kunyanyuliwa na nyingine kwa kukandamizwa, hivyo maelekezo ya kiwanda yafuatwe, au kipande kidogo kijaribiwe kwanza. Ukingo uliobaki na chembe hulainishwa kwa tupa iliyoloweshwa.

VIPIMO KABLA YA KUKATA

Mkato usio na madhara kabisa ni ule ambao haukuhitajika. Mfano utasaidia. Dari ya chumba cha futi 12 kwa futi 8 hujazwa na bodi 3 za futi 8 kwa futi 4 bila mkato hata mmoja. Chumba cha futi 10 kwa futi 10 hakina ukubwa unaozidi hapo sana, lakini huhitaji bodi 4 na mikato yenye jumla ya futi 16 hivi, na vipande hubaki. Mwenye kujenga upya akipanga vyumba na fremu ya dari kwa vipimo vinavyogawanyika kwa 4 atapunguza gharama na vumbi kwa pamoja. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, ni vyema mpango wa bodi uchorwe karatasini kabla ya kwenda dukani.

KINGA NA USAFI

Kazi ifanyike nje, mbali na mlango, kisima na jiko, upepo ukitoka nyuma ya fundi. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambapo ardhi ni kavu na vumbi hupeperuka kwa urahisi, tahadhari hiyo ni muhimu zaidi. Panapotumika msumeno wa mkono, mstari unyunyiziwe maji kidogo kidogo kwa kopo lenye matundu, au kwa bomba ambalo halijawahi kutiwa dawa ya kahawa wala ya pamba.

Kitambaa au ukaya wa khanga hauzuii vumbi la silika. Barakoa ifaayo ni ya daraja la FFP2 au N95, iliyobana uso pande zote. Miwani ya kinga nayo ivaliwe.

Baada ya kazi unga usifagiliwe ukiwa mkavu. Uloweshwe, ukusanywe ukiwa tope, utiwe katika kiroba kizima na kufungwa. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, na zifuliwe peke yake. Katika nchi nyingi wamekuwapo wake na watoto waliougua kwa vumbi la asbesto lililoletwa nyumbani katika nguo, ingawa wao wenyewe hawakukanyaga kiwandani.

NYUMBA NA MAPAA YA ZAMANI

Watumishi wanaoishi katika nyumba za Serikali, na kamati za shule na zahanati, wanahimizwa kuzingatia sehemu hii. Asbesto iliyomo katika bodi nzima isiyoguswa haitoi vumbi jingi. Hatari huanza inapokatwa, inapotobolewa kwa ajili ya waya au inapovunjwa ili kuezeka upya. Magonjwa yake, ikiwemo saratani ya utando wa mapafu, huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kabla ya kujitokeza, kiasi kwamba kijana anayelivuta vumbi hilo leo huenda akaugua akiwa karibu na kustaafu.

Kwa hiyo anayeona dari au paa la namna hiyo limepasuka aache kulishughulikia mwenyewe na atoe taarifa kwa Mhandisi wa Halmashauri au Afisa Afya. Nyumba ikiwa chini ya Wakala wa Majengo Tanzania, taarifa ipelekwe huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasimamia taka za hatari. Vipande vya zamani visigawiwe kujengea mabanda ya kuku, kuzungushia bustani wala kujazia mashimo ya njia, kwa kuwa kila kukanyagwa na kuvunjika kwake hutoa nyuzi hewani.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, mwananchi aulize kwanza umri na asili ya bodi, apange vipimo ili mikato iwe michache, atumie kisu cha kuchania panapowezekana na msumeno wa mkono panapolazimu, na grenda aiache kwa kazi ya chuma. Atakayemkabidhi fundi kazi hiyo anao wajibu wa kukubaliana naye juu ya zana kabla ya kukubaliana juu ya malipo. Fundi akitumia kisu huenda akachukua nusu siku zaidi, na ni vyema muda huo uhesabiwe katika ujira wake, ili asilazimike kufidia kwa kasi ya mashine na kwa pumzi yake mwenyewe.